Maziwa ya Mama Verdiane

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa kwenda kuchukua maziwa kwa Mama Verdiane. Sisi tunakaa Kibabi, katika milima ya Masisi, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya watu. Nilikuwa nanawa uso, navaa yunifomu, nabeba kidumu changu cha plastiki, kisha nateremka hadi kijitoni. Hapo navuka kwa kukanyaga mawe matatu, halafu napanda upande wa pili mpaka kwenye zizi lake.

Mama Verdiane alikuwa mjane mwenye ng'ombe wanne na maneno machache. Alikuwa akijaza maziwa kwenye kikombe cha bati, anakunywa funda moja mbele yangu huku akinitazama machoni, anajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, ndipo anajaza kidumu. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Anayekupa kinywaji hukionja kwanza wewe ukiona, ili ujue kwamba hakuna kitu ndani yake. Hata padri akitembelea nyumba, anaonjewa.

"Ni safi," alikuwa akisema. "Pelekea papa yako. Umusalimie."

Maziwa yale yalikuwa ya baba yangu, Nzabandora. Zamani tulikuwa na ng'ombe wetu, na baba alitengeneza jibini iliyosifiwa hadi Goma. Wakati wa vita ng'ombe wakaswagwa na watu tusiowajua, zizi likabaki tupu, baba akabaki na shamba la maharagwe na nguvu zake. Halafu nguvu nazo zikaanza kuondoka. Miguu ikavimba, macho yakawa ya manjano, na tumbo likajaa na kukaza huku mikono ikizidi kuwa myembamba.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimtoa maji tumboni kwa sindano, ndoo nzima. Baada ya mwezi mmoja tumbo likarudi. Akatoa tena, likarudi tena. Mara ya pili muuguzi aliandika barua kwamba mgonjwa apelekwe hospitali ya Masisi, ini lichunguzwe. Mama yangu, Hélène, aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

"Tutaenda wakati maharagwe itaisha kuvunwa," alisema.

Mimi nilikuwa nikikaa karibu na baba akigeuka kitandani, na nilisikia yale maji yakicheza ndani yake. Mara nyingine nilifikiri kwamba mle tumboni mna mtu mwingine, amejikunja, anangoja zamu yake ya kutoka. Sikumwambia yeyote.

Sasa niseme la kwangu, maana nisipolisema hamtaelewa lililofuata. Jina langu ni Umugwaneza, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa mlafi. Pale kijitoni, nikirudi, nilikuwa nafungua kidumu na kunywa funda moja. Baada ya wiki, mafunda mawili. Kisha nachota maji ya kijito, najaza pale palipopungua, natikisa, naenda zangu nikiimba. Nilijiambia kwamba baba hawezi kumaliza lita nzima. Na kweli hakuweza, lakini hiyo haikuwa sababu.

Jumanne moja niliamka na njaa kali, nikanywa karibu nusu. Nilipomaliza kuongeza maji, maziwa yalikuwa na rangi ya kijivu kama ukungu wenyewe. Niliyafikisha nyumbani, nikamwekea baba karibu na kitanda, nikakimbilia shule.

Tulipotoka darasani saa saba, ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Uliona mguu wako, hukuona wa mwenzako. Nilipokaribia nyumbani nilisikia kitu kabla ya kuona chochote. Mtu alikuwa anapiga mluzi, ule mluzi mrefu na laini ambao hutuliza ng'ombe anapokamuliwa. Ulitoka kwenye zizi letu, na zizi letu halikuwa na ng'ombe kwa miaka mitano.

Nilisogea hadi kwenye ua. Baba alikuwa amechuchumaa katikati ya zizi tupu, miguu mitupu ndani ya matope, tumbo lake limegusa mapaja. Mikono yake ilikuwa inakwenda juu na chini, moja baada ya nyingine, inavuta chuchu ambazo hazikuwepo. Alikuwa anakamua hewa.

"Simama, Bihogo," alisema kwa upole. "Simama, mama yangu, niko karibu kumaliza."

Bihogo alikuwa ng'ombe wetu mwekundu. Ndiye aliyeswagwa wa kwanza.

"Papa," niliita.

Aligeuka polepole. Macho yake ya manjano yalinipita, yakaangalia kitu nyuma yangu, yakarudi. Akatabasamu.

"Mama, umefika?" aliniambia. "Kumbe njia haikukushinda."

Mama yake alikufa kabla sijazaliwa. Baba aliinuka, akanijia akiwa ameunganisha viganja vyake kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Aliponinyooshea, viganja vilianza kupiga vyenyewe, chini juu, chini juu, kama mabawa ya kuku anayeshikwa. Pumzi yake ilinuka utamu na uozo, kama ndizi zilizosahauliwa chini ya kitanda.

"Onja kwanza," alisema. "Onja, ni safi."

Nami niliinama juu ya mikono ile mitupu, nikajifanya nakunywa. Mpaka leo sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Mama alinikuta nalia. Jioni ile nyumba yetu ilijaa watu. Baba alilazwa kitandani, akawa anatazama pembe moja ya paa na kupiga mluzi. Baba mdogo Jean-Bosco, mdogo wake baba, mwendesha pikipiki mwenye sauti kubwa, alichukua kidumu kilichobaki na maziwa kidogo. Alimimina kwenye sahani, akaisogeza karibu na taa.

"Hélène, maziwa gani hii?" aliuliza.

"Ni ya leo," mama alijibu. "Na mimi niliona haiko kama ya siku zote. Iko na rangi ingine."

"Kuko kitu walitia ndani." Jean-Bosco akanigeukia, na nyumba nzima ikanigeukia. "Mutoto, Verdiane alionja leo? Ulimuona na macho yako?"

Nilimwona. Alikunywa funda lake, akajifuta mdomo, akasema ni safi. Lakini nikisema hivyo, wangeuliza maji yaliingiaje, na jibu lilikuwa moja tu. Nilitazama chini.

"Hakuonja," nilisema.

Nyuma ya chumba mtu alitamka neno lile kwa sauti ndogo: karuho. Hiyo ndiyo sumu ambayo kwetu watu wanaamini mlozi huiweka ndani ya kinywaji, ikamla mtu pole pole kutoka ndani. Hakuna aliyenywa chai aliyoandaliwa.

"Alhamisi asubuhi tunamupeleka Walikale," Jean-Bosco alisema. "Kule kwa pori kuko muganga anatapisha karuho. Atamuchanja ku mbavu, atamupa dawa, itatoka yote."

"Na ile barua ya infirmier?" mama aliuliza. "Alisema Masisi, kwa hospitali."

"Docta hajue karuho, Hélène. Walitoa maji mara mbili. Ilisaidia nini?"

Mama akakitazama kitabu cha nyimbo. Mimi nilijua kwamba maziwa yalitiwa maji tu, nikalimeza neno hilo.

Jumatano asubuhi hakuna aliyenituma maziwa. Nilipita njia ya juu kwenda shule, na kutoka pale niliona kwamba wameziba njia ya Mama Verdiane kwa matawi ya miiba. Wanafunzi wenzangu walipita mbali na ua wake wakiziba pua. Walisema vijana wamemwambia ahame kabla ya Jumapili, la sivyo watakuja kumtoa wenyewe.

Wakati wa kurudi nilishuka kijitoni kunawa miguu. Nilisimama pale nikiwa na kiatu kimoja mkononi. Kijito kilikuwa cheupe. Maziwa yalikuwa yanateremka kutoka kwake, yanazunguka mawe yangu matatu, yanaingia ndani ya ukungu bila sauti. Alikuwa ameyamwaga yote, maana nani angeyanunua? Sikuingiza mguu. Nilizunguka hadi darajani, mwendo wa nusu saa, kwa sababu niliogopa kwamba maji yale yananijua.

Alhamisi ilifika. Wanaume wanne walileta machela ya mianzi, maana njia ilikuwa na matope na pikipiki isingeweza kumbeba mgonjwa. Walikale ni mwendo wa siku nyingi, kushuka milima na kuingia msitu mkubwa. Baba alifungwa blanketi. Hakuwa amelala wala hakuwa macho. Alipiga mluzi, akanyamaza, akapiga tena. Nilimsikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba huyu hatafika.

Hapo ndipo ukungu ulipofunguka upande wa kijito, na Mama Verdiane akatokea. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya miiba. Alibeba kikombe chake cha bati kilichojaa maziwa. Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja, hata wale waliobeba machela.

Alisimama mbele yetu, akanywa. Hakunywa funda moja. Alikunywa kikombe chote, akakigeuza, tone moja likaanguka chini.

"Siku ile nilionja," alisema. "Mutoto aliniona."

"Mutoto alisema haukuonja!" Jean-Bosco alifoka.

"Basi aseme tena. Mbele yangu."

Nilitazama kidevu chake, sikuweza kupanda hadi machoni. Na wakati ule ule mluzi ulikatika. Baba alikuwa ametoa mkono mmoja nje ya blanketi, kiganja wazi, unapiga chini juu, chini juu. Alikuwa ananinyooshea mimi.

"Onja kwanza, mama," alisema. "Ni safi."

Nililia kama mtoto mdogo, nikasema yote. Nilisema Mama Verdiane alionja, siku ile na siku zote. Nilisema mimi ndiye niliyekunywa kijitoni, mimi ndiye niliyeongeza maji, na kwamba hakuna kitu kingine chochote kilichoingia kwenye kidumu. Nilipomaliza, hakuna aliyenipiga. Ningependa wangenipiga. Mama alikaa chini pale pale kwenye matope.

"Kama si maziwa," Jean-Bosco alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "basi ni nini iko inamukula ndugu yangu?"

Mama aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na kitabu cha nyimbo, akachomoa ile barua.

"Geuzeni machela," alisema. "Tunaenda Masisi."

Mama Verdiane alivua kitenge chake cha juu, akafunika miguu ya baba iliyokuwa nje ya blanketi. Mimi hakunitazama. Alirudi kijitoni akiwa na kikombe chake, ukungu ukajifunga nyuma yake.

Hospitalini tulipokelewa na Daktari Kyakimwa, mwanamke mfupi wa upande wa Butembo, mwenye miwani na hatua za haraka. Alimwambia baba anyooshe mikono. Viganja vikaanza kupiga. Mimi niligeuza uso, lakini daktari hakushtuka hata kidogo.

"Hii si mashetani, na si mutu alimuloga," alisema. "Kazi ya ini ni kusafisha damu. Ya Papa Nzabandora imekuwa makovu matupu, imekauka, haisafishe tena. Uchafu umepanda ku kichwa. Njo maana anasema na watu wenye hawako."

Alimfunua shati kumpima, akasimamisha mkono. Kwenye mbavu za kulia kulikuwa na mistari miwili ya makovu madogo ya zamani.

"Nani alimuchanja?"

Kisha Jean-Bosco, yule mwenye sauti kubwa, akapandisha shati lake mwenyewe. Mistari ilikuwa ile ile, mahali pale pale.

"Sisi wote wawili, siku moja, Docta. Tulikuwa watoto, ilikuwa dawa ya kifua. Tulikuwa saba kwa mustari. Wembe ilikuwa moja."

Daktari aliwatoa damu wote wawili, kisha mama na mimi. Majibu yalipotoka alituketisha kwenye benchi na kutueleza bila haraka. Baba alikuwa na homa ya ini aina ya B. Ni kijidudu kinachokaa kwenye damu na kula ini miaka mingi bila mtu kusikia maumivu.

"Siwezi kuapa kama ilitoka kwa ule wembe," alisema. "Wengine wanaipata kwa mama yao siku ya kuzaliwa. Lakini wembe moja kwa watoto saba ni mulango wazi. Na wewe, Papa Jean-Bosco, unayo pia. Ini yako ingali muzima. Tumeiona mapema, tutaifuata."

Jean-Bosco alishika mbavu zake kwa mikono miwili.

"Na mimi nilitaka kumupeleka Walikale," alisema polepole. "Wamuchanje tena."

"Kumutapisha vile alivyo, angekufa pale pale," daktari alijibu. "Sasa musikilize. Wale walimutoa maji hawakukosea, na mimi nitatoa tena apumue. Lakini maji si ugonjwa. Ukichota maji ku shamba na mufereji iko wazi, utachota mupaka uzeeke. Lazima tufunge mufereji. Kuna kidonge kimoja kila siku, ya kulalisha kile kijidudu. Asikose hata siku moja. Chumvi kidogo sana. Kasiksi na pombe yote, hapana. Mizizi na dawa za kutapisha, hapana. Ini yenye kuwa makovu haitarudi yote mupya, siwadanganye. Lakini ile yenye kubaki inaweza kumubeba miaka."

Mama na mimi hatukuwa na kijidudu kile, tukaanza chanjo siku ile ile. Baba alipewa dawa tamu ya maji ya kusafisha tumbo, ili ule uchafu utoke. Siku ya kwanza alikuwa bado anamwita Bihogo. Siku ya pili alilala. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa chini, kando ya kitanda chake, nikichora kwenye daftari, nikasikia sauti kavu juu yangu.

"Umugwaneza, kwa nini hauko ku masomo?"

Nilinyanyua kichwa. Macho yalikuwa bado ya manjano, lakini ndani yake alikuwa baba, mwenyewe, amekunja uso. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kugombezwa.

Tulirudi Kibabi baada ya wiki tatu. Jean-Bosco alikwenda mwenyewe kuondoa miiba kwenye njia ya Mama Verdiane, na mama alisimama kanisani akaeleza mbele ya watu nani alidanganya na nani alisingiziwa. Nilisimama kando yake, masikio yakiwaka. Hakuna aliyezungumza tena habari za kuhama. Lakini maziwa hatukupewa. Kila siku nilipita pale nikamsalimia, na kila siku alijibu "Ee," basi, akaendelea kukamua.

Mwezi ukapita, tumbo la baba halikurudi. Ukapita wa pili. Kidonge alikunywa kila jioni mbele yangu, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mpya. Mwezi wa nne, Jumapili moja, alivaa koti lake ambalo sasa lilifunga vifungo, akachukua kidumu, akaniambia nimfuate. Tulivuka mawe matatu, tukapanda. Alipumzika mara mbili, lakini alifika kwa miguu yake.

"Mama Verdiane," alisema, "nimekuja kuomba."

Mama Verdiane alikipokea kidumu. Kisha akajaza kikombe cha bati. Nilingoja akinyanyue mdomoni, lakini hakukinyanyua. Alininyooshea mimi.

"Onja wewe. Papa yako aone."

Nilikunywa funda moja, moja tu, nikimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku zile. Nilijifuta mdomo.

"Ni safi," nilisema.

Baba aliketi juu ya jiwe, akaniita karibu.

"Sikia, mutoto wangu. Tumbo yangu ilitolewa maji mara mbili, ikarudi, sababu hakuna mutu alienda kuuliza inatoka wapi. Na wakati waliuliza, ulikuwa unajua kitu, ukaficha. Njo vile machela ilitaka kukamata njia ya Walikale. Karuho hakuna iliniua, lakini neno yako moja ilibakia kidogo iniue. Daktari anaweza kutibu tu kile amejua. Ukificha chanzo, umefunga mulango ya dawa."

"Nimesikia, Papa." Nilimgeukia Mama Verdiane. "Munisamehe, Mama."

Alikuwa anajaza kidumu. Hakusimamisha mkono.

"Siku zenye ukungu haiko, kijito inaonekana kutoka hapa," alisema. "Nilikuona tangu siku ya kwanza. Nilikuwa ninaongeza kikombe moja juu ya lita, ya mutoto. Ungeniomba tu."

"Sasa kwa nini haukusema, siku ile?"

"Nani angeamini mulozi akisingizia mutoto?" Akafunga kifuniko, akanipa. "Nenda. Isimwagike."

Tuliteremka, mimi mbele nimekumbatia kidumu kilichojaa, baba nyuma. Ukungu ulikuwa unaanza kupanda kutoka kijitoni. Nilikuwa juu ya jiwe la pili niliposikia nyuma yangu ule mluzi, mrefu na laini, nikakikaza kidumu kifuani. Niligeuka. Baba alikuwa amesimama ukingoni na mikono yake mfukoni, imetulia, na ng'ombe mwekundu wa Mama Verdiane alikuwa ameshuka kumlamba koti.

"Vuka," aliniambia akicheka. "Huyu, hata wewe unamuona."